Pumba Tunawapa Kuku, Vitamini Tunazifuata Duka la Dawa

Nenda Manzese au Tandale asubuhi, simama pembeni ya mashine yoyote ya nafaka, utazame mahindi yanavyopita. Kwanza yanamiminwa kwenye kinu cha kukoboa. Yanatoka meupe, yanang'aa, yamepoteza ganda na kile kiini kilichojificha kwenye ncha ya punje. Mara nyingine mwenye mahindi huchota kiganjani, akayatazama, akasema bado, yarudishwe tena. Ndipo yanapelekwa kusagwa, na unga unaoanguka kwenye ndoo ni laini, mweupe pe. Pembeni vimepangwa viroba vya pumba. Navyo vina wateja wake: wafugaji wa kuku, wa nguruwe, wenye ng'ombe wa maziwa. Wanavigombania, na hawapewi bure.

Wafugaji wale wanajua wanachonunua. Kiini ni ile sehemu ya punje ambayo ingeota ikawa mmea, na mahindi yameweka humo mafuta yake, vitamini E na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Ganda nalo lina akiba yake. Mahindi yakikobolewa vizuri, kama tunavyopenda sisi wa mjini, zaidi ya nusu ya vitamini B1 inabaki kwenye kiroba cha pumba. Mwenye unga anarudi nyumbani na wanga mtupu, na baada ya miezi, akijisikia mchovu, miguu inakufa ganzi, mdomo umechanika pembeni, anakwenda duka la dawa kununua kopo la vidonge vya rangirangi. Ninachotaka kusema wikiendi hii ni kwamba suala la vitamini katika nchi yetu ni suala la mashine ya nafaka na la jikoni, na tumekosea sana kuliachia duka la dawa.

Hata vitamini zenyewe, dunia ilizifahamu kwa njia hiyohiyo ya kukoboa. Kuelekea mwaka 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi. Askari na wafungwa walikuwa wanavimba miguu, wanapooza, moyo unashindwa, wanakufa. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba na kuanguka kwa namna ileile. Kabla hajajua sababu, wakapona. Alipofuatilia, akakuta kwamba kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa chakula cha jeshi kupewa kuku wa raia. Tangu hapo wakalishwa mchele usiokobolewa, na miguu ikarudi kupata nguvu. Eijkman alidhani wanga una sumu na pumba ni dawa yake. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyeona sawasawa mwaka 1901: katika pumba kuna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho.

Kilichonigusa zaidi katika habari hiyo ni magereza. Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya wa kisiwa cha Java, alizunguka magereza ya kisiwa kizima akiangalia wafungwa wanakula mchele gani. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa 1 katika kila 39 alikuwa na beriberi. Palipoliwa usiokobolewa, alikuwa 1 katika 10,000. Wafungwa hawakuchagua chakula. Kuna ofisa aliyesaini hati ya ununuzi wa mchele, na saini yake ndiyo iliyoamua nani atembee na nani apooze. Nitarudi kwenye saini za namna hiyo, maana hata kwetu zipo.

Jina vitamini lilikuja mwaka 1912, alipolitoa Casimir Funk, mwanasayansi mzaliwa wa Poland. Leo tunazijua 13: A, C, D, E, K na nane za kundi B. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini bila hicho damu haitengenezwi vizuri na mishipa ya fahamu inaharibika. Vitamini haiupi mwili nguvu kama ugali unavyoupa. Kazi yake ni kuuwezesha mwili kuutumia huo ugali. B1 ikikosekana, chembe za mwili zinakuwa na wanga tele na haziwezi kuuchoma ukawa nguvu, na wanaoumia kwanza ni wale wanaotumia nguvu muda wote: moyo na mishipa ya fahamu. A inatengeneza ile rangi ndani ya jicho inayotuwezesha kuona gizani. C inaunganisha nyama, ngozi na mishipa ya damu isiachane. K inagandisha damu jeraha linapotokea, ndiyo maana mtoto mchanga huchomwa sindano yake mara tu anapozaliwa.

Pwani yetu iliwahi kushuhudia mwili unavyoachana. Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka India, baada ya kukaa baharini kwa karibu miezi mitatu bila tunda wala mboga. Fizi za mabaharia zilikuwa zimevimba na kufunika meno. 30 hivi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye njiani. Kitu ambacho wagonjwa walikitamani sana kutoka nchi kavu kilikuwa machungwa, na wakaletewa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafia palepale. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, ikabidi meli moja, São Rafael, waichome moto kwenye mwambao wa Tanga. Wale watu walijua kwa miili yao kwamba chungwa linaponya, lakini ilichukua hadi 1747 kwa daktari James Lind kulipima jambo hilo kwa mabaharia 12, na hadi 1795 kwa jeshi la majini la Uingereza kuwapa mabaharia wake maji ya limau kwa amri. Maarifa yalikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuyaweka kwenye orodha ya manunuzi.

Tusidhani hayo ni ya zamani tu. Mwaka 1990, hapo jirani Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa kambini walianza kuota magamba meusi shingoni, mikononi na miguuni, pale jua linapopiga. Wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa. Ilikuwa pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3, na katika miezi michache walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 17,000. Chakula walikuwa wanapata. Walipewa mahindi, na kabla ya hapo walipewa pia karanga. Karanga zikakatika kwenye mgawo. Basi. Mahindi yana B3, lakini imefungwa kwa namna ambayo utumbo haukifungui kifungo chake, na punje ikikobolewa hata hicho kidogo kinapungua. Karanga ndizo zilizokuwa zinaziba pengo. Waliochunguza walikuta kwamba familia zenye kibustani, zilizokula karanga, na zilizotwanga mahindi yao nyumbani zilinusurika zaidi kuliko nyingine.

Nayasoma hayo nikiwa najua bweni la sekondari linavyokula. Ugali wa sembe na maharage, kesho sembe na maharage, kesho kutwa hivyohivyo, na mboga ya majani ikionekana mgeni wa shule akija. Maharage yanasaidia sana, tena sana, na nadhani ndiyo yaliyotuokoa na pelagra kwa miaka yote hii. Lakini mtoto wa miaka 15 anayeukuza mwili, na binti ambaye ameanza kupoteza damu kila mwezi, wanawekewa sahani hiyo miaka minne mfululizo kwa saini ya mtu ambaye pengine hajawahi kuulizwa swali moja kuhusu lishe.

Nigeukie jikoni kwetu, maana huko kuna hekima ambayo tumeanza kuionea aibu. Mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, alinikuta siku moja nikipika kisamvu kwa maji na chumvi, nikijisifu kwamba ninapunguza mafuta. Akanitazama, akachukua kibao cha mbuzi na nazi mbili. "Mwanangu," akasema, "kisamvu bila tui ni majani ya mbuzi." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vitamini A iliyo katika majani ya kijani na katika vyakula vya rangi ya machungwa haifyonzwi na mwili bila mafuta; inapita tu. Zilivyo D, E na K ni hivyohivyo. Tui la nazi, karanga zilizotwangwa, kijiko cha mafuta ya alizeti, hivyo ndivyo vinavyoiingiza mwilini. Kisamvu lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu kutoa sumu yake, kwa hiyo vitamini C nyingi inapotea humo, hilo hatuwezi kulikwepa. Mchicha, matembele na sukuma wiki havina sababu hiyo. Kuvikatakata kwanza halafu kuviosha, kuvichemsha hadi vigeuke rangi ya chai, kisha kumwaga maji, ni kumwaga vitamini C na kundi B kwenye karo. Osha kwanza, kata baadaye, maji kidogo, dakika chache, ukiwa umefunika.

Kigoma wana mawese. Ule wekundu wake ndio vitamini A inayongoja kuingia mwilini, na mtu anayeyachemsha hadi wekundu upotee ameichoma yote. Kila mwaka tunaona mapera yakioza chini ya miti, na pera moja lina vitamini C nyingi kuliko machungwa kadhaa. Viazi lishe vya rangi ya machungwa, ambavyo mtaalamu Mganda Robert Mwanga na wenzake walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kuvikuza na kuvieneza, vinaota Ukerewe na Sengerema bila shida, lakini sokoni Dar es Salaam utavitafuta sana. Mahindi meupe hayana vitamini A kabisa, yawe dona, yaani yasiyokobolewa, au sembe, yaliyokobolewa. Mahindi ya njano yanayo, lakini sisi tunaokumbuka unga wa msaada wa miaka ya shida, ule tuliouita yanga, hatutaki hata kuuona mezani. Naielewa chuki hiyo, nami ninayo. Bado naona tumeibeba muda mrefu mno.

Sasa vidonge. Sidharau dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi anahitaji B6 pembeni, la sivyo miguu itawaka moto. Mwenye kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi anaweza kuishiwa B12, na asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hatoipata popote kwenye mimea. Hao wapimwe na wapewe. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi sita ni moja ya kazi bora kabisa za afya ya jamii tulizowahi kufanya. Muuguzi anakata ncha ya kidonge, cha bluu kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, chekundu kwa aliyetimiza, anakamulia mdomoni, na ini la mtoto linaweka akiba. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya Aceh, Indonesia: vijiji vilivyopata vitamini A vilipoteza watoto wachache kwa karibu theluthi moja. Tafiti zilizofuata zilikuta kwa wastani punguzo la karibu robo. Mzazi anayekosa kumpeleka mtoto siku ya matone anakosa kitu kikubwa.

Tofauti ni kwamba hapo kuna upungufu unaojulikana, dozi inayojulikana, na mtu anayeandika kwenye kadi. Hali ni nyingine kabisa kwa makopo yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na ndani ya daladala kwamba yanaongeza damu, nguvu, akili ya mtoto na kinga dhidi ya kila kitu. Mwaka 1994 Ufini ilitangaza matokeo ya utafiti wa wavutaji sigara wanaume 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Watafiti walitarajia kinyume chake. Kula karoti hakujawahi kumdhuru mtu hivyo. Kuitoa rangi ile ndani ya karoti na kuizidisha mara nyingi ndiko kulikoleta madhara. Na vitamini A yenyewe ikizidi katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ziada ya C inaweza kukojolewa pamoja na maji ya mwili. Ziada ya A na D inakaa na kujilimbikiza. Mama mwenye kipato kidogo anayetoa fedha ya mboga ya wiki nzima akanunue kopo hilo ameibiwa, hata kama kopo halina sumu.

Kuna vitamini moja inayonikosesha usingizi: B9, tunayoiita foliki asidi ikiwa katika vidonge. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kila wiki wanaletwa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa. Mama amesafiri kutoka mkoani na kitoto kilichofungwa bandeji mgongoni, na nyumbani pengine ameambiwa ni laana ya upande wake. Ukweli ni kwamba mrija unaokuwa uti wa mgongo na ubongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Foliki asidi ikiwa pungufu siku hizo, unaweza usifunge. Utafiti uliotangazwa mwaka 1991 ukiongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, wakipewa foliki asidi kabla ya mimba nyingine, hatari inapungua kwa asilimia 72. Kliniki zetu zinatoa vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma na foliki asidi, na ni vizuri mno kuvimeza kwa ajili ya damu. Lakini mama anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, mara nyingi mimba ina miezi mitatu, minne, mitano. Mrija umeshajifunga au umeshashindwa zamani. Hakuna kidonge cha kliniki kinachoweza kurudi nyuma.

Kinachoweza kufika mapema ni unga, kwa sababu binti anaula kabla hajajua kama ana mimba. Marekani ilianza kulazimisha foliki asidi kwenye unga mwaka 1998, na watoto wanaozaliwa na matatizo hayo walipungua kwa zaidi ya robo. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, Kenya ikaweka sharti lake mwaka 2012, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote zifanye hivyo. Viwanda vikubwa vya ngano vinaweza kukaguliwa. Ugali wetu, hata hivyo, hautoki huko. Unatoka kwenye mashine ya mtaa, ile ya Tandale, ya Mbalizi, ya Kibaigwa, ambako mtu anasaga debe lake akaondoka. Zipo mashine ndogo nchini zilizofungwa kifaa kinachopima unga unapopita na kudondosha virutubishi kwa kiasi kinachotakiwa; shirika la Sanku limekuwa likifanya kazi hiyo. Jambo linawezekana kiufundi. Lililobaki ni la fedha na usimamizi: nani analipia mfuko wa virutubishi, nani anakuja kukagua, na kwa nini mwenye mashine anayefuata kanuni auze kwa bei ya juu kuliko jirani yake asiyefuata.

Wako watakaonijibu kuhusu dona, na wana hoja. Ya kwanza ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Ukungu huo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa kunaupunguza, na sisi tuliozika watu wa Dodoma na Manyara mwaka 2016 hatuwezi kulifanyia mzaha. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Jibu langu ni kwamba mahindi yenye ukungu si chakula, yakikobolewa au yasipokobolewa. Vita hiyo inapiganwa shambani na ghalani, kwa kuanika kwenye turubai badala ya ardhini na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Anayenunua mahindi asiyoyajua yalikolala, naelewa akiyakoboa. Hoja ya pili ni kwamba dona linachacha na kutoa harufu haraka kwa sababu ya mafuta ya kiini. Kweli, lisagwe la wiki mbili, si la miezi mitatu. Ya tatu, kwamba ganda linazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Nayo ni kweli, ila wazee walishaitatua: uji uliochachushwa, togwa, kuloweka nafaka usiku kucha, vyote hivyo vinakipunguza kizuizi hicho.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Dona ni chakula cha jeshi, cha bweni, cha shida; sembe ni la mgeni. Tunasubiri daktari atuambie tuna kisukari ndipo tunarudi kwenye dona, tena tunalisifia. Watoto wetu wangeanza nalo wakiwa wadogo wasingeliona adhabu.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayahitaji kuvumbua chochote. Halmashauri ziwape wenye mashine ndogo kile kifaa na mfuko wa kwanza wa virutubishi, kisha ziwakague kama zinavyokagua leseni. Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo ipo tangu 1973 na ina wataalamu wazuri, ipewe nguvu ya kuingia stoo za shule za bweni, magereza na vyuo, iangalie unga gani umenunuliwa na iirudishe hati ya ununuzi iliyokosewa. Na kwa sababu serikali peke yake haitafika kila bweni, wazazi tuna kikao chetu kila muhula. Tunauliza ada, tunauliza sare, tunauliza matokeo. Kikao kijacho, mzazi mwenzangu, muulize mkuu wa shule unga unasagwa wapi, unakobolewa mara ngapi, umeongezwa virutubishi au la, na mboga za majani zinaingia jikoni siku ngapi kwa wiki.